Pikipiki za mbio huuawa na nini: mwendo au kuachwa?

Matangazo ya kuuza pikipiki kubwa za mbio yana maneno yanayojirudia: ni ya mwaka 2012, imetembea kilomita 9,000 tu, haijawahi kuguswa na fundi. Hilo la mwisho muuzaji huliandika kama sifa, na wanunuzi wengi hulipokea hivyohivyo. Mwingine ataonya kwamba injini hizi ni dhaifu, zikifika kilomita 30,000 zimekwisha. Wa tatu ataapa kwamba yake ina kilomita 80,000 na injini haijawahi kushushwa. Mabishano hayaishi kwa sababu watatu hawa wanazungumzia mambo tofauti wakidhani ni jambo moja.

Basi tuyatenganishe. Kuna uimara, yaani injini itatembea umbali gani kabla vyuma vyake havijalika. Kuna kutegemeka: ukibonyeza kitufe asubuhi itawaka, na ukitoka nayo itakurudisha? Halafu kuna madai ya matunzo, yaani ni mara ngapi inataka mkono wa fundi, na fundi huyo awe makini kiasi gani. Chombo kinaweza kuwa imara na cha kutegemewa, na bado kikawa na madai mengi. Pikipiki nyingi za mbio ziko kwenye kundi hilo.

Ninaposema pikipiki za mbio nina maana ya zile zilizovishwa plastiki mbele na ubavuni, dereva akilalia tangi, zenye injini ya cc 600 hadi 1000 na zaidi. Zinauzwa zikiwa na taa na mahali pa kufunga namba, ila ukoo wao ni wa uwanja wa mashindano: Suzuki GSX-R, Yamaha R1 na R6, Honda CBR, Kawasaki ZX, Ducati Panigale, BMW S 1000 RR na jamaa zao.

Nguvu inatoka wapi

Pikipiki ya kazi ya cc 125 hutoa nguvu farasi 10 hivi. Ukiikuza hadi ujazo wa lita moja kwa kiwango hichohicho utapata kama 80. Yamaha R1 ya mwaka 2015, yenye cc 998, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 200. Ujazo ni uleule, nguvu ni mara mbili na nusu. Tofauti kubwa iko kwenye mizunguko ya injini kwa dakika. Injini inayovuta hewa mara nyingi zaidi kwa dakika inachoma mafuta mengi zaidi kwa dakika. Ile ndogo huishia mizunguko 8,000 au 9,000, R1 inapita 13,000.

Mizunguko hiyo hailetwi bure. Pistoni hupanda, husimama, hushuka, kisha husimama tena. Kwenye R1 kila safari ni milimita 50.9, na kwenye mizunguko 13,500 pistoni husimama na kugeuza mara 450 katika sekunde moja. Mvuto unaoipata konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, kila pistoni inapogeuzwa haupandi sambamba na mizunguko. Funga jiwe kwenye kamba, ulizungushe juu ya kichwa: ukizidisha mwendo mara mbili, kamba inavutwa mara nne, na ukizidisha mara tatu inavutwa mara tisa. Ndani ya injini mambo ni hayohayo. Ndiyo maana pistoni za pikipiki hizi ni nyepesi, konrodi zake ni za chuma bora au hata titani, na nafasi kati ya vyuma zimepimwa kwa usahihi ambao injini ya kazi haiuhitaji.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Ukienda kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya sita, injini ya cc 1000 iko kwenye mizunguko kama 4,500, theluthi moja ya kikomo chake. Mvuto kwenye konrodi umeshuka hadi sehemu moja ya tisa. Vyuma vilivyoundwa kubeba mzigo wote sasa vinabeba kipande tu, na barabarani dereva hawezi kuufikia ule mzigo wote ila kwa sekunde chache, labda awe anaitafuta hospitali. Kwa hiyo yule mwenye kilomita 80,000 hasemi uongo.

Ushahidi wa wazi unapatikana Le Mans, Ufaransa, ambako tangu mwaka 1978 hufanyika mbio za pikipiki za saa 24. Mashine zinazoshindana zimetokana na hizihizi za dukani. Mwaka usio na mvua mshindi huzunguka uwanja zaidi ya mara 800, zaidi ya kilomita 3,300, resi ikiwa wazi muda mwingi. Tofauti yao na sisi ni kwamba timu za mashindano huhesabu umri wa injini kwa saa za kazi na huifungua kabla haijalalamika.

Pengo la valvu

Dai kubwa kuliko yote la pikipiki hizi ni ukaguzi wa valvu, na hapo ndipo watu wengi hudanganywa na masikio yao. Valvu ni mlango wa silinda: moja inaingiza hewa na mafuta, nyingine inatoa moshi. Kati ya kamshafti, shafti yenye vinundu inayoisukuma, na kichwa cha valvu yenyewe huachwa pengo dogo, kwa ile ya kuingizia mara nyingi kama milimita 0.15, ili chuma kikipata moto na kutanuka bado valvu iweze kufunga sawasawa.

Wengi wanaamini pengo hupanuka kwa kulika, hivyo valvu ikiharibika itagonga na wataisikia. Kwenye injini hizi mambo huenda kinyume. Kinacholika zaidi ni kiti ambacho valvu inakalia. Valvu huzama kidogokidogo kwenye kiti hicho, shina lake linasogea juu, na pengo linapungua. Injini inazidi kuwa kimya. Siku pengo likiisha, valvu haifungi kabisa, na valvu ya kutolea moshi isiyofunga haiwezi kupoa, kwa kuwa joto lake hutoka kupitia hichohicho kiti. Inaungua ukingoni. Dalili za mwanzo ni kuwaka kwa taabu injini ikiwa baridi, au kunguruma kwa kusitasita usipovuta resi, na zote mbili watu huzisingizia plagi. Ukimya hauthibitishi chochote hapa. Mimi pikipiki ya mbio yenye kilomita nyingi na injini ya kimya mno hunitia shaka kuliko inayotikatika kidogo.

Kazi yenyewe ukiitazama unaelewa kwa nini mafundi wengine huikwepa. Injini lazima iwe baridi. Tangi linatoka, boksi la hewa linatoka, koili za plagi zinatoka, na kwenye baadhi ya pikipiki rejeta nayo husogezwa. Ndipo kifuniko kifunguliwe, na fundi apitishe fila, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia, kwenye valvu moja baada ya nyingine mpaka zote 16, akiandika kila kipimo. Kama kimoja hakiko sawa, kamshafti inashushwa ili kubadilisha kisahani kidogo kinachoitwa shimu kwa kingine kilichopungua unene kwa milimita 0.05 au chini ya hapo. Sehemu kubwa ya muda huenda kwenye kufungua na kufunga, upimaji wenyewe ni mfupi. Akikuambia ameshakagua valvu na hakuifungua pikipiki, au alimaliza kwa dakika 40, muombe karatasi ya vipimo.

Ratiba hutofautiana sana, na tofauti hizo zina maana. Yamaha R1 hudai ukaguzi karibu na kilomita 40,000. Ducati Panigale V4 hudai kwenye 24,000. Kampuni hiyohiyo ya Ducati, mwaka 2020, ilitoa injini ya V4 kwa ajili ya pikipiki yake ya safari, Multistrada, na ukaguzi wake ni kila kilomita 60,000. Kilichobadilika ni jinsi valvu zinavyofungwa. Injini nyingi hutumia springi kuirudisha valvu, na mizunguko ikizidi mno springi haiwahi. Mbunifu Fabio Taglioni wa Ducati alilitatua hilo mwaka 1956 kwenye pikipiki ya mashindano ya cc 125 kwa kuweka mkono wa chuma unaoifunga valvu kwa nguvu, mfumo uitwao desmo. Una mapengo mawili ya kupima kwa kila valvu badala ya moja. Kwa pikipiki ya safari Ducati ilirudi kwenye springi. Kwa hiyo ratiba fupi haimaanishi kazi mbovu. Inakuambia injini ilikusudiwa kwa ajili ya nani.

Kikomo kisichokulinda

Kompyuta ya injini hukata mafuta au cheche mizunguko ikifika kikomo, na wengi hudhani basi injini haiwezi kuzidishwa. Ukivuta resi, kweli haiwezi. Ukipunguza gia kwa pupa, inaweza. Mtu yuko kwenye gia ya nne kwa mwendo mkali, anapiga chini mara mbili na kuachia klachi. Sasa gurudumu la nyuma ndilo linaloizungusha injini, na kompyuta haina cha kukata. Valvu zinaweza kukutana na pistoni. Klachi za siku hizi zenye uwezo wa kuteleza hupunguza pigo hilo, haziliondoi.

Adui mwingine ni kwenda na gurudumu la mbele hewani kwa muda mrefu. Oili hukimbilia nyuma ya kasha lake, mdomo wa pampu unaweza kunyonya hewa, na beringi za krenki, shafti kuu ya injini, zikikosa oili kwa sekunde chache tu zimeshaumia. (Na usiiamini sana geji ya mizunguko. Mwaka 2006 Yamaha iliinadi R6 kuwa na mstari mwekundu kwenye 17,500, kisha ikakiri kwamba mizunguko halisi ilizidi 16,000 kidogo tu, ikawapa wanunuzi wa Marekani nafasi ya kuzirudisha.)

Kinachokulaza barabarani

Ukiondoa makosa hayo, injini yenyewe ni nadra kukuacha njiani. Kinachokuacha ni umeme. Pikipiki hizi huzalisha umeme kwa sumaku zinazozunguka kando ya koili iitwayo stata. Sumaku haina swichi: mizunguko ikipanda, umeme unapanda, utake usitake. Kifaa kiitwacho regyuleta hupokea umeme huo, hukigeuza kiasi kinachohitajika kiende kwenye betri, na kinachozidi, kwa aina zilizozoeleka, hukirudisha kwenye stata na kukigeuza joto. Yaani kadiri unavyotumia umeme kidogo, ndivyo regyuleta na stata zinavyofanya kazi zaidi ya kutupa. Kisha wabunifu, kwa kubana nafasi, huificha regyuleta chini ya kiti au nyuma ya plastiki ambako upepo haufiki.

Dalili zake ni za ujanja. Pikipiki inawaka vizuri wiki moja, wiki ya pili inasuasua, mwenyewe ananunua betri mpya, inakaa sawa mwezi mmoja, ugonjwa unarudi. Kabla ya kununua betri ya pili chukua maltimita, kifaa cha kupimia umeme. Betri iliyotulia iwe na volti 12.6 hivi au zaidi. Washa, panda hadi mizunguko 5,000: usomaji ukae kati ya volti 13.5 na 14.8. Ukibaki 12 na pointi, chaji haifiki. Ukipita 15, regyuleta imeachia na betri inachemshwa. Halafu fuatilia waya tatu za rangi moja, mara nyingi njano au nyeupe, zinazotoka kwenye stata hadi pale zinapoungana. Plagi ya maungio hayo ikiwa imegeuka kahawia, au plastiki yake imelainika na kuinama upande mmoja, umempata mgonjwa. Wakati mwingine regyuleta ni nzima kabisa na kilichoungua ni hayo maungio tu.

Joto lina hofu yake isiyo na msingi. Dashibodi ikisoma nyuzi 102 kwenye foleni, watu huzima pikipiki katikati ya njia. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ikiwa sahihi na mfuniko wa rejeta ukishika mgandamizo, haichemki kwenye 100, na kwenye pikipiki nyingi feni huanza kuzunguka ikishapita hapo. La kuogopa ni feni isiyozunguka, au rejeta iliyojazwa maji matupu, ambayo huchemka mapema na kuila aluminiamu kwa ndani.

Oili, mnyororo, breki

Kwenye gari, klachi haiogi kwenye oili ya injini. Kwenye pikipiki hizi injini, gia na klachi vinakunywa oili moja. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano, hivyo inaanza kuteleza. Tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA au MA2, kipimo cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii. MB si yako. Jina la kampuni lina uzito mdogo kuliko herufi hizo, na bei ina uzito mdogo zaidi. Kubadilisha, kwa pikipiki nyingi, ni kati ya kilomita 6,000 na 12,000 kulingana na kitabu chake, au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia.

Mnyororo watu huukaza wakidhani wanautunza. Gurudumu linapopanda na kushuka kwenye shimo, umbali kati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, hubadilika, na mnyororo uliokazwa mno hauna pa kupata nafasi, hivyo huivuta shafti ya gia na kuila beringi yake, ambayo kuibadilisha ni kupasua injini. Zungusha gurudumu polepole na upime ulegevu sehemu kadhaa, kwa sababu mnyororo hauliki sawa, kisha urekebishe kwa kufuata pale palipokaza zaidi. Grisi ya ndani imefungiwa kwa vipete vya raba tangu kiwandani. Petroli na brashi ya waya huviua vipete hivyo. Mafuta ya taa na kitambaa vinatosha.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata pikipiki ikiwa imesimama. DOT 4 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155. Breki ya mwendo mkali huzalisha joto la kutosha kuyachemsha, mvuke unajaa kwenye bomba, na mkono wa breki unakuja hadi kwenye mshiko bila pikipiki kusimama. Miaka miwili, badilisha, hata kama hujaitumia.

Kilomita chache, miaka mingi

Tumrudie yule wa kilomita 9,000. Mwaka 2012 ni zamani. Kama kweli fundi hajaigusa, basi ina mafuta ya breki ya mwaka huo, kulanti ya mwaka huo, huenda na matairi ya mwaka huo. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Kashata zake zinaweza kuwa nzima na raba ikawa imekuwa ngumu isiyoshika lami, na mtu hutambua hilo akiwa ameinama kwenye kona. Petroli iliyolala inaacha gundi kwenye vinyunyizio na pampu. Sili za foki, ile mirija inayoshika gurudumu la mbele, hukauka. Baadhi ya Ducati za zamani zina mikanda ya raba inayoendesha kamshafti, nayo hubadilishwa kwa umri hata isipotembea.

Kuna waungwana wanaoiwasha dakika tano kila Jumapili ili isikae bure. Nia njema, matokeo mabaya: injini haipati moto wa kutosha, maji yanayozaliwa na mwako yanabaki kwenye oili na ekzosi, na betri inatoa umeme mwingi wakati wa kuwasha kuliko inaorudishiwa. Ama uiendeshe nusu saa ikipata joto kamili, ama uiache na chaja ya betri. Kwa hiyo kati ya ile ya 9,000 isiyoguswa na ya 40,000 yenye daftari la matengenezo na karatasi ya valvu, mimi nachukua ya pili bila kusitasita.

Pia tazama mikono iliyopita. Waya za alamu zilizokatwa na kufungwa kwa selotepu ndizo chanzo cha "ugonjwa wa kompyuta" unaosumbua miezi. Ekzosi ya wazi iliyowekwa bila kurekebisha mafuta hubadilisha uchomaji. Mikwaruzo kwenye ncha za usukani na vikanyagio inaeleza kuanguka ambako plastiki mpya zimekuficha.

Mwisho kuna makosa ya kiwandani, ambayo matunzo hayayazuii. Mwaka 2013 Suzuki iliita zirudishwe kurekebishwa GSX-R zilizotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2013, kwa sababu pistoni ya silinda kuu ya breki ya mbele iliweza kupata kutu na kuzalisha gesi inayopunguza nguvu ya breki. Mtu anaweza kubadilisha mafuta ya breki kila mwaka na kasoro ikabaki palepale. Kabla ya kulipa, nakili namba ya fremu iliyogongwa karibu na shingo ya usukani, umuulize wakala wa kampuni kama pikipiki hiyo ina wito wa kurekebishwa ambao haujafanyika. Ukarabati wa namna hiyo kwa kawaida hugharimiwa na kampuni, hata kama wewe ni mmiliki wa nne.